SiriusXM na kitufe cha dashibodi: uchambuzi wa kisa cha redio ya setilaiti

Mwishoni mwa Oktoba 2024 SiriusXM, kampuni ya redio ya setilaiti ya Marekani, ilitoa hesabu zake za robo ya tatu ya mwaka, na ndani yake mlikuwa na hasara ya karibu dola bilioni 3. Anayesoma vichwa vya habari tu angedhani kampuni imekwisha. Fedha hizo hazikutoka kwenye akaunti ya benki siku hiyo. Wahasibu walifuta vitabuni zaidi ya dola bilioni 3.3 za thamani iliyokuwa imeandikwa kwa kutegemea kwamba biashara itaendelea kukua. Mauzo yenyewe hayakuporomoka: mapato ya mwaka mzima wa 2024 yalifika kama dola bilioni 8.7, kutoka bilioni 8.95 mwaka uliotangulia, na wateja wanaolipa kwa fedha zao walikuwa milioni 31.6. Kwa kampuni nyingi duniani hizo ni takwimu za kuota tu. Hata hivyo soko lilikuwa limeshatoa hukumu yake, kwamba redio inayoshuka kutoka angani na kuingia ndani ya gari ina siku chache mbele kuliko ilivyodhaniwa.

Ninavyokisoma kisa hiki, setilaiti zenyewe hazina shida. Redio hii imeishi miaka yote kwa sababu ya mahali ilipokaa ndani ya gari: kitufe kimoja, kwenye dashibodi, kilichokuwepo tangu siku gari linatoka kiwandani. Mahali hapo ndipo panapochukuliwa, na kila uamuzi wa kampuni, mzuri na mbaya, unaeleweka ukianzia hapo.

Kwanza tuone chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wetu hatujawahi kukitumia. Juu ya paa la gari kuna antena ndogo, siku hizi yenye umbo la pezi la papa. Inapokea mawimbi ya masafa ya 2.3 gigahezi. Kampuni mbili zilizoanzisha huduma hii, XM na Sirius, ambazo baadaye ziliungana kuwa SiriusXM, zilichagua njia tofauti. XM iliweka setilaiti zake juu ya ikweta, zikionekana kusimama mahali pamoja. Sirius iliweka tatu kwenye mizingo mirefu kama yai, ili zipokezane kuning'inia juu ya Amerika ya Kaskazini. Ukiwa Nairobi, ungo wa televisheni hutazama karibu juu utosini, kwa hiyo ghorofa la jirani halikusumbui sana. Ukiwa Seattle, setilaiti ya ikweta iko chini upande wa kusini, na jengo au mlima mmoja unatosha kuikata. Ndiyo maana mijini walisimika minara ya ardhini ya kurudia mawimbi, na wakaitengeneza redio ipokee matangazo yale yale mara mbili kwa kupishana sekunde chache, ili ukipita chini ya daraja sauti isikatike. Ukiegesha kwenye gereji ya chini ya ardhi, kimya. Ukitoka, inarudi yenyewe bila kugusa kitu.

Uchumi wake uko kwenye neno kurusha. Mwadhini akipanda mnarani, sauti ni ile ile, iwe inasikika kwa watu kumi au elfu kumi. Setilaiti ni hivyo hivyo: ukishaipeleka angani, msikilizaji wa milioni 30 haiongezei gharama ya urushaji hata senti. Muziki wa kwenye simu uko kinyume, kila msikilizaji anapelekewa nakala yake kupitia mtandao na mtu fulani analipia bando hilo. Lakini kurusha kuna kasoro yake. Mtambo hauwezi kujua nani anasikiliza nini, haukuruhusu kuruka wimbo, na nafasi ya idhaa ina kikomo. Ukiwa na masafa ya megahezi 25, unaweka mamia ya idhaa na basi. Lugha zenye wasikilizaji wachache hazipati nafasi. Mtanzania au Mkongomani aliyeko Texas anayetaka taarifa ya habari kwa Kiswahili ataitafuta kwenye simu yake.

Sasa historia, kwa ufupi pale inapowezekana. Mwaka 1997 FCC, tume inayosimamia mawasiliano Marekani, iliuza kwa mnada leseni mbili za redio ya setilaiti. CD Radio, iliyokuja kuitwa Sirius, ililipa dola milioni 83.3. Kampuni iliyokuja kuitwa XM ililipa milioni 89.9. XM ilikuwa ianze kuuza huduma tarehe 12 Septemba 2001; baada ya mashambulizi ya siku moja kabla ikasogeza hadi tarehe 25. Sirius ilifuata Februari 2002. Setilaiti mbili za kwanza za XM zilipewa majina Rock na Roll, na muda si mrefu ikagundulika kwamba paneli zake za jua zinafifia kabla ya wakati. Badala yake zikapelekwa nyingine mnamo 2005 na 2006. Katika biashara hii, kosa la kiwandani halina fundi wa kwenda kulirekebisha.

Kampuni hizo mbili ziliumizana vibaya. Ziligombea watengenezaji wa magari: General Motors na Honda upande wa XM, Ford na Chrysler upande wa Sirius. Zililipa ruzuku ya vifaa, zikagawana mapato na viwanda, zikanunua haki za michezo kwa bei za kutisha. Oktoba 2004 Sirius ikamsaini mtangazaji Howard Stern kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 500, wakati ambapo kampuni haikuwa hata na wateja milioni moja. Alipoanza kutangaza Januari 2006 wateja walikuwa milioni 3.3. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuvuta mamilioni, ndiyo. Lakini kampuni zote mbili ziliendelea kupoteza fedha, na Februari 2007 zikaomba kuungana.

Hoja waliyoipeleka kwa wasimamizi inafaa kukumbukwa. Wapinzani walisema: zilitolewa leseni mbili makusudi, mkiungana mnabaki peke yenu. Kampuni zikajibu kwamba ushindani wao ni kila sauti inayoweza kuingia ndani ya gari: FM, CD, iPod, na simu zinazokuja. Hoja ilikubalika, muungano ukakamilika Julai 2008 kwa masharti, likiwemo la kutopandisha bei kwa miaka mitatu. Mwaka 2007 maneno hayo yalikuwa ya mawakili zaidi kuliko ya kweli. Leo ni maelezo sahihi kabisa ya kinachowatesa.

Muungano haukuleta nafuu ya haraka. Mauzo ya magari Marekani yalianguka, na mwaka 2009 yalikuwa karibu milioni 10.4 tu. Redio inayotegemea gari jipya ikakosa milango ya kuingilia. Februari 2009 deni la dola milioni 175 lilikuwa linaiva, hisa moja ikiuzwa kwa senti chache, na Charles Ergen wa EchoStar, kampuni nyingine ya setilaiti, alikuwa amekusanya sehemu ya madeni hayo akisubiri kuinyakua. Liberty Media, kampuni ya tajiri mwekezaji John Malone, ikaingia na mkopo wa dola milioni 530 na ikapata haki ya asilimia 40 ya kampuni. Ni moja ya biashara zilizomlipa vizuri kuliko zote Malone alizofanya.

Kilichofuata ni takriban miaka kumi na mitano ya neema. Injini ya neema hiyo ndiyo moyo wa kisa. Mtu ananunua gari. Redio tayari imo, na huduma inawashwa bure kwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu. Anasikiliza, anazoea idhaa moja au mbili, kisha muda unakwisha na anaombwa kadi ya benki. Chini ya nusu hubaki, na hiyo ilitosha, kwa sababu kila mwaka magari milioni 15 au 17 yalikuwa yanatoka. Gari likiuzwa mkononi, mnunuzi wa pili naye hupewa majaribio. Leo magari yenye kifaa hicho barabarani Marekani ni zaidi ya milioni 150. Hakuna programu ya simu yenye uwezo wa kujipandikiza hivyo kwenye maisha ya mtu bila yeye kuitafuta.

Sisi Afrika Mashariki tunaijua nguvu ya anayetengeneza dashibodi. Gari linashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani, redio yake inaishia megahezi 90 kwa sababu huko kwao FM inaanzia 76, na nusu ya stesheni zetu hazisikiki mpaka fundi aweke kifaa cha kusogeza masafa au abadilishe redio nzima. Mtu aliyekaa Toyota City miaka kumi iliyopita ameamua utasikiliza nini Kariakoo. Kwa Marekani, uamuzi wa namna hiyo ulikuwa zawadi kwa SiriusXM.

Na hapa ndipo ulinganisho na WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti iliyolenga Afrika na Asia, unapofundisha. Huyu alikuwa ndugu wa XM kwa damu: kampuni ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilikuwa miongoni mwa wenye hisa wa mwanzo wa XM. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998, miaka karibu mitatu kabla ya XM kuanza kuuza huduma Marekani. Afrika ilitangulia. Kenya ilitumia njia hiyo kupeleka vipindi vya redio vya shule. Lakini kipokezi kilikuwa cha kununua dukani, ghali kwa mshahara wa kawaida, na antena yake ulipaswa kuielekeza mwenyewe angani kupitia dirishani. Haikuwa na minara ya kurudia mawimbi mijini, kwa hiyo gari likitembea, mawimbi yanapotea. Oktoba 2008 iliomba ulinzi wa kufilisika. Watu wengi husema ilishindwa kwa sababu Afrika ni maskini. Mimi nadhani hilo ni nusu ya jibu. India, ambako ilikuwa na wateja wengi zaidi, nako haikusimama. Hakukuwa na mlango wa kuingilia: kila msikilizaji ilibidi atafutwe mmoja mmoja na ashawishiwe kununua chombo kipya.

Tukirudi Marekani, kitufe kilianza kusogea mwaka 2014, Apple ilipoleta CarPlay, na Google ikafuata na Android Auto. Ghafla skrini ya gari ikawa skrini ya simu. Ukiwasha gari, kinachotokea mbele yako ni Spotify uliyoiacha nyumbani katikati ya wimbo. Redio ya setilaiti bado imo, lakini sasa lazima utoke kwenye ukurasa wa simu, urudi kwenye menyu ya gari, uchague chanzo, kisha idhaa. Hatua tatu au nne kwa mtu anayeendesha ni nyingi sana. Kijana anayenunua gari lake la kwanza anaweza kumaliza miezi yote ya bure bila kujua kwamba anayo.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wake. Kila mwezi karibu asilimia 1.6 ya wateja wanaolipa huondoka. Kiwango hicho ni cha chini sana kwa biashara ya ada ya mwezi, na kampuni ina haki ya kujivunia. Lakini asilimia 1.6 ya milioni 31.6 ni watu nusu milioni. Kila mwezi, kabla ya kukua hata kwa mtu mmoja, ni lazima wapatikane nusu milioni wapya ili kubaki pale pale. Mwaka 2024 hawakutosha, idadi ikashuka kwa karibu laki tatu.

Penye shinikizo kama hilo ndipo kampuni ilipofanya jambo ninalolilaumu waziwazi. Kuingia ilikuwa ni kubonyeza mtandaoni. Kutoka ilikuwa lazima uzungumze na mhudumu, kwa simu au kwa kuandikiana, naye amefundishwa kukupa ofa baada ya ofa kila unapokataa. Desemba 2023 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, aliishtaki. Kwa takwimu zilizotokana na uchunguzi wake, kukata huduma kwa simu kulichukua wastani wa dakika 11 na nusu, na kwa kuandikiana mtandaoni dakika 30. Novemba 2024 jaji aliamua kwamba utaratibu huo ulivunja sheria ya shirikisho inayotaka kujitoa kuwe rahisi, ingawa hakukubali madai yote ya serikali. Ukimzuia mtu mlangoni nusu saa, takwimu zako za mwezi huo zitapendeza. Lakini mtu huyo atanunua gari lingine baada ya miaka sita, atapewa tena majaribio ya bure, na atakumbuka. Biashara inayotegemea mnunuzi wa gari anayerudi haina ujinga mkubwa kuliko huo.

Njia nyingine za kujinasua zilikuwa za heshima zaidi. Kuanzia magari ya Ram 1500 ya modeli ya 2019 walileta mfumo wa 360L, unaochanganya setilaiti na mtandao wa simu: idhaa kuu zinashuka kutoka angani, vipindi vya kuchagua vinakuja kwa mtandao, na kwa mara ya kwanza kampuni ikajua msikilizaji anapenda nini. Februari 2019 waliinunua Pandora, huduma ya muziki wa mtandaoni, kwa dola bilioni 3.5 wakitafuta nafasi kwenye simu. Desemba 2023 walitoa programu mpya ya simu kwa dola 9.99 kwa mwezi, wakilenga vijana wasio na gari. Haikuvuta. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, uongozi wa kampuni chini ya mkurugenzi mkuu Jennifer Witz ukatangaza kwamba wanarudi kwenye gari, na fedha za kuwatafuta wasikilizaji wa simu peke yake zinapunguzwa. Baadaye kikaja kifurushi chenye matangazo ya biashara, chini ya dola 7.

Wachambuzi wengine waliuona uamuzi huo kama kurudi nyuma. Mimi nauona kuwa sahihi, tena umechelewa. Kwenye simu, SiriusXM ni programu moja kati ya nyingi, inapigana na wenye fedha kuliko yeye, na faida ya kurusha kwa gharama moja inapotea kabisa. Ndani ya gari ndiko ana kitu ambacho wengine hawana. Na mzigo wa haki za muziki hauruhusu mchezo: kwa viwango vilivyopangwa hadi 2027, asilimia 15.5 ya mapato husika inakwenda kwa wasanii na kampuni za kurekodi kabla ya mengine yote.

Ambao hawahitaji kuelezwa faida hiyo ni madereva wa malori. Wapo Wakenya, Watanzania, Warundi na Wakongomani wengi wanaoendesha malori ya masafa marefu Marekani, na kuna idhaa nzima ya madereva, Road Dog Trucking, namba 146. Chukua barabara ya I-80 inayokatiza Wyoming. Kuna vipande ambavyo simu inaonyesha hakuna mtandao, Spotify inazunguka na kusimama, na FM inatoa mkwaruzo tu. Setilaiti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Taarifa ya barafu iliyofunga barabara mbele, mechi, mahubiri, mjadala wa bei ya dizeli: vyote vinaingia. Kwa mtu aliye peke yake na tani kadhaa nyuma yake usiku wa manane, huduma hiyo ina thamani ya dola 15 na zaidi.

Tatizo ni kwamba hata ngome hii ya mwisho imeanza kufikiwa. Julai 2025 kampuni ya simu ya T-Mobile ilianza kuuza huduma inayounganisha simu ya kawaida moja kwa moja na setilaiti za Starlink, mali ya SpaceX, mahali pasipo na minara. Ilianza na ujumbe mfupi, si muziki. Lakini Septemba 2025 SpaceX ilikubaliana kununua masafa ya EchoStar kwa karibu dola bilioni 17 ili kuikuza huduma hiyo. EchoStar ni ile ile ya Ergen, aliyekuwa akiinyemelea Sirius mwaka 2009. Siku simu itakapocheza muziki bila kukatika katikati ya Wyoming, sababu kubwa ya dereva wa lori kulipa ada itakuwa imeondoka.

Je, itafika lini? Hapa naamini wanaotabiri kifo cha karibu wanakosea. SiriusXM imepeleka setilaiti mpya angani: SXM-8 Juni 2021, SXM-9 Desemba 2024, SXM-10 Juni 2025, kila moja ikiwa imebuniwa kuishi miaka 15. Ilijifunza kwa maumivu pia. SXM-7, iliyorushwa Desemba 2020, iliharibika wakati wa majaribio angani na ikabaki madai ya bima ya dola milioni 225. Huduma ya kurusha kwa hiyo ina mitambo ya kutosha hadi karibu 2040, na magari zaidi ya milioni 150 yanayoweza kuipokea hayatatoweka barabarani kesho. Berkshire Hathaway, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, inamiliki zaidi ya theluthi moja ya hisa zake. Hawanunui ndoto za ukuaji wale. Wananunua fedha taslimu inayoingia kila mwezi.

Ninachokitarajia ni kampuni inayopungua polepole huku ikilipa vizuri, wateja wake wakizeeka pamoja na magari yao. Kitakachobadilisha mwendo huo ni mikataba na viwanda vya magari. General Motors ilitangaza mwaka 2023 kuondoa CarPlay kwenye magari yake mapya ya umeme, na dashibodi ya namna hiyo inairudishia redio nafasi ya mbele kwenye skrini. Viwanda vingine vikifuata, SiriusXM inapata pumzi. Visipofuata, basi jambo la kuangaliwa kila robo mwaka ni moja: nusu milioni wanaoondoka kila mwezi, na wangapi wamekuja kuziba nafasi zao. Ikifika mahali pengo hilo halizibiki hata kwa bei ya chini ya dola 7, masafa yale ya megahezi 25 yatakuwa mali yenye thamani kuliko muziki unaopita ndani yake, na wanunuzi wa masafa hawatakosekana.